Mafiga Matatu ya Mbinguni

Kila mtoto aliyelelewa katika nyumba inayopika kwa kuni anayajua mafiga. Ni mawe matatu. Yakiwa mawili chungu hakikai, na yakiwa manne moja huwa halina kazi. Katika insha hii, msomaji, nataka kukueleza habari za mafiga mengine ambayo hayakuwekwa na mkono wa mtu, nayo ni madogo hata milioni kumi yake yakipangwa ubavu kwa ubavu hayafikii urefu wa milimita moja. Mafiga hayo ni protoni tatu za haidrojeni, zilizokaa katika pembe za pembetatu ambayo pande zake zote ni sawa. Kinachozishika zisikimbiane ni elektroni mbili tu. Wataalamu huiandika H₃⁺, na ile alama ya kujumlisha maana yake ni kwamba imepungukiwa na elektroni moja, kwa hiyo ina umeme chanya. Atomi au molekuli ya namna hii, iliyopungukiwa na elektroni au iliyozidishiwa, huitwa ioni.

Ioni hiyo imo kwa wingi katika anga iliyo baina ya nyota. Hata hivyo ilipita miaka 69, tangu siku ilipotambuliwa mara ya kwanza hapa duniani, mpaka mtu alipoweza kuiona kwa nuru yake yenyewe. Kisa cha miaka hiyo ndicho ninachokisimulia.

Mwaka 1911 J. J. Thomson, yule aliyeivumbua elektroni mwaka 1897, alikuwa akipitisha umeme katika bomba la kioo lenye gesi kidogo sana, huko Cambridge, Uingereza. Umeme uliivunja gesi ikawa ioni, naye akazipindisha ioni hizo kwa nguvu za sumaku na za umeme pamoja. Zilizo nyepesi hupinda sana, zilizo nzito hupinda kidogo, kama vile mama apepetapo mpunga makapi huruka mbali na punje huanguka karibu. Miongoni mwa alama alizozipata ilikuwapo ya kitu chenye uzito wa atomi tatu za haidrojeni. Watu walijua haidrojeni huenda mbili mbili. Hii ya tatu ilitoka wapi?

Basi ikajulikana kuwapo. Lakini kujua uzito wa kitu si kukijua kitu. Ukilinyanyua gunia lililofungwa mdomo utajua ni zito au jepesi, wala hutajua kama ndani mna mahindi au mawe. Wengine walikisia kuwa atomi zile tatu zimepangana mstari mmoja kama shanga katika uzi, wengine wakasema ni pembetatu. Mwaka 1935 Charles Coulson alipata kwa hesabu kuwa ni pembetatu yenye pande sawa, ila hesabu za siku hizo zilikuwa za makadirio, na hapakuwa na kipimo cha kuwanyamazisha wabishi.

Njia ya kulijua umbo la molekuli ni kuisikiliza. Nasema kuisikiliza, ingawa kitumikacho ni nuru, kwa sababu jambo hili limefanana na muziki zaidi kuliko picha. Nyunyiza punje za chumvi katika ndimi za moto, utaona rangi ya manjano ikiwaka mara moja na kuzimika. Hiyo ni rangi ya sodiamu iliyomo katika chumvi, na hakuna kitu kingine kitoacho manjano ile ile hasa. Kila atomi na kila molekuli ina mitikisiko yake. Umepata kumsukuma mdogo wako katika pembea? Ukisukuma kwa wakati wake pembea hupanda. Ukisukuma ovyo unajichosha bure. Nuru nayo ni mtikisiko. Ile ambayo mtikisiko wake umelingana na wa molekuli humezwa, na isiyolingana hupita kana kwamba haikukuta kitu njiani. Basi tukiipenyeza nuru katika gesi na kuangalia ni ipi isiyotokea upande wa pili, tunapata orodha ya mitikisiko ya gesi ile, mistari myembamba iliyopangika, nayo huitwa spektra. Molekuli mbili tofauti hazina spektra moja. Mwenye kuzijua hesabu zake aweza kuishika orodha hiyo na kukuambia urefu wa kila upande wa molekuli ambayo hajaiona wala hataiona kwa macho.

Sasa tazama taabu ya ioni yetu. Molekuli nyingi zikizunguka hutoa mawimbi ya redio, na kwa mawimbi hayo wanafalaki wamezitambua nyingi sana mbinguni. Lakini pembetatu yenye pande sawa imesawazika mno. Umeme wake haukuelemea upande wowote, kwa hiyo izungukapo haitoi mawimbi ya kutosha kupokewa. Wala haina rangi ya kuonekana kwa jicho, kwa kuwa elektroni yake ikipandishwa juu kwa nuru, ioni yenyewe huvunjika. Ulimi mmoja tu imebaki nao. Pembetatu inapotikisika, pande zake zikirefuka na kufupika, humeza nuru ya infraredi, yaani nuru iliyo nje ya wekundu, isiyoonekana, ambayo ngozi huisikia kama joto. Wimbi la nuru hiyo lina urefu wa karibu sehemu nne kwa elfu za milimita moja. Mtu atakaye kuisikia H₃⁺ sharti aisikilize huko, na penginepo hapana.

Hapo ndipo leza ilipohitajiwa. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman, Marekani, mwaka 1960. Nuru ya taa ya kawaida ni kama kelele za sokoni, kila sauti imo. Nuru ya leza ni kama mpiga zumari aliyeshika sauti moja asiiache. Kwa sauti moja namna hiyo mtu aweza kuipima molekuli kwa usahihi ambao taa haiwezi kamwe kuutoa.

Aliyeazimia kuitafuta spektra hiyo ni Takeshi Oka, Mjapani aliyezaliwa Tokyo mwaka 1932, naye alikuwa akifanya kazi Ottawa, Kanada, katika taasisi iliyopewa jina la Gerhard Herzberg. Herzberg huyo alikuwa Mjerumani aliyeiacha nchi yake mwaka 1935 kwa sababu mkewe alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, na mwaka 1971 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Yeye pia aliitafuta H₃⁺ kwa njia zake. Hakuipata, ila mwaka 1979 alitangaza kuwa ameipata spektra ya H₃ isiyo na umeme, kitu ambacho hakuna aliyekitazamia. Alikwenda kuvua changu akarudi na nguru.

Oka alianza mwaka 1975. Kwa kufuata mbinu ya Alan Pine wa Marekani, alichukua leza mbili, moja ya gesi ya argoni na moja ya rangi inayoweza kubadilishwa, akazielekeza pamoja ndani ya fuwele ya lithiamu niobati. Nuru mbili zikikutana katika fuwele hiyo huzaa nuru ya tatu, ambayo mtikisiko wake ni tofauti ya ile miwili, nayo ni infraredi. Ukiibadili leza moja kidogo kidogo, nuru ya tatu nayo hubadilika kidogo kidogo. Nuru hiyo ilikuwa dhaifu sana, lakini safi. Kisha akaipitisha katika bomba la kioo lenye haidrojeni, ambamo umeme ulikuwa ukipita ili kuzifanya zile ioni, na bomba likapozwa kwa nitrojeni iliyogeuzwa majimaji, ambayo huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri.

Huenda ukadhani iliyobaki ni kazi nyepesi. Wazee wetu waliokuwa na redio za kizungusho wangekusimulia habari ya kutafuta stesheni usiku: unakizungusha kwa ncha za vidole, polepole, na ukipitiliza unywele mmoja sauti imekwisha. Mistari ya H₃⁺ ni michache, na pengo baina ya mmoja na jirani yake ni kubwa mara elfu na zaidi kuliko upana wa mstari wenyewe. Wenye kupiga hesabu walimwonyesha mtaa, hawakumwonyesha nyumba. Tena katika bomba lile kwa kila molekuli laki moja au zaidi za haidrojeni ya kawaida, ioni ni moja tu, nayo ikigusa ukuta wa kioo inakufa. Kwa hiyo alizungusha, akaandika, akabadilisha gesi, akabadilisha kioo, akazungusha tena. Hali hiyo iliendelea karibu miaka mitano.

Hapa sharti nisimame kidogo. Miaka mitano ya daftari tupu! Ningependa kumwona mkaguzi wa hesabu akiipokea ripoti kama ile: fedha zimetumika, leza zimewaka, hakuna kilichoonekana. Usidhani kwamba mtu huyo alijua kuwa kitu kipo mahali fulani akawa anakifuata tu. Alijua kipo, lakini kama chombo chake chaweza kukisikia au hakiwezi, hapakuwa na mtu yeyote duniani wa kumhakikishia. Kama nguvu ya mstari ingekuwa theluthi ya ilivyokadiriwa, pengine angeendelea hata kustaafu bila kuupata. Vitabu vya shule huandika mwaka wa uvumbuzi, wala haviandiki ile miaka iliyoutangulia, na mimi naona hilo ni pungufu kubwa la vitabu vyetu.

Aprili 1980 mstari wa kwanza ulionekana. Ukafuatwa na wenzake, ikawa 15 kwa jumla, imetawanyika bila mpango wowote wa kupendeza jicho. J. K. G. Watson, bingwa wa hesabu za molekuli (si yule Watson wa DNA), aliichambua, na kila mmoja ukapata mahali pake. Mistari ililingana na pembetatu ya pande sawa. Ubishi uliodumu kwa miaka mingi ulikwisha kwa mistari 15.

Nami nina deni la kueleza kwa nini jambo hilo lilikuwa na haja kubwa hata likastahili miaka hiyo. Siku moja niliposimulia kisa hiki darasani, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alisimama akasema, "Mwalimu, kwetu tunachota maji mtoni mwendo wa saa nzima. Pembetatu hii itatusaidia nini?" Wenzake walicheka, lakini swali halikuwa la kuchekwa. Nilimjibu kwamba haitamletea bomba, na kwamba mtu akimwahidi hivyo anamdanganya. Kisha nikamwomba anisikilize juu ya hayo maji.

Baina ya nyota kuna mawingu ya gesi, karibu yote haidrojeni, yenye baridi ya kutisha. Katika baridi hiyo molekuli zikikutana hazina nguvu ya kushikana. Mawingu hayo yangepaswa kuwa maiti ya kemia. Lakini chembe zenye mbio kubwa mno hupita humo kutoka pande zote za mbingu. Chembe moja ikiipiga molekuli ya haidrojeni huing'oa elektroni. Molekuli hiyo iliyojeruhiwa hukutana na ya pili, huinyang'anya atomi moja, na hapo mafiga matatu yamesimama. Tabia ya H₃⁺ ni kugawa. Karibu kila inachokutana nacho hukipa protoni moja, na kinachopewa protoni hupata uchangamfu wa kushikana na vingine. Ikikutana na kaboni monoksidi huzaliwa ioni nyingine ambayo wanafalaki huipokea kwa redio. Ikikutana na atomi ya oksijeni, protoni hupokewa, haidrojeni huongezwa moja baada ya nyingine, mwisho elektroni huja kuutuliza umeme, na kitu kinachobaki ni maji. Si maji yote ya ulimwengu yaliyofanywa kwa njia hiyo, maana mengi hufanyika juu ya punje za vumbi zenye barafu. Lakini sehemu yake ndiyo. Tangu mwaka 1973 wataalamu wa Marekani walikuwa wameijenga elimu yote ya kemia ya mawingu hayo juu ya H₃⁺, na H₃⁺ yenyewe hakuna aliyekuwa ameiona huko. Ilikuwa nyumba nzuri ambayo msingi wake umesadikiwa tu.

Yule kijana alikaa akafikiri, kisha akauliza kama sasa imeonekana. Hilo ndilo swali nililokuwa nikilitaka.

Mara tu alipokuwa na orodha ya mistari, Oka aliigeukia mbingu. Mwanzoni alishindwa, na akashindwa tena. Habari za kwanza zikatoka mahali pasipotazamiwa. Wanafalaki waliokuwa wakiichunguza sayari ya Mshtarii waliona karibu na ncha zake mistari ya infraredi wasiyoitambua, na mwaka 1989 ikatangazwa kuwa ni ya H₃⁺, inayong'aa kule ambako chembe za umeme hunyesha na kuwasha mianga ya ncha. Baadaye ikaonekana Uranusi na Zohali pia.

Mawingu ya baina ya nyota yalikataa mpaka mwaka 1996. Oka alikuwa pamoja na Thomas Geballe, wakitumia darubini ya Waingereza juu ya Mauna Kea, kisiwani Hawaii, mlima mfupi kuliko Mlima Kenya wetu kwa karibu mita elfu moja, ambako mvuke wa maji ni haba na infraredi hupenya. Aprili waliona mistari miwili hafifu mbele ya nyota changa zilizofichwa na wingu. Ingeweza kuwa kasoro ya chombo, au mstari wa hewa ya dunia yetu. Basi walingoja mpaka Julai.

Kwa nini walingoja? Umesimama karibu na reli na kusikia honi ya gari la moshi: likija sauti ni nyembamba, likikupita hushuka ikawa nzito. Nuru nayo iko hivyo. Dunia yetu inalizunguka jua, na katika miezi mitatu mwendo wake kuelekea nyota fulani hubadilika. Mstari wa hewa yetu ungekaa palepale, lakini mstari wa wingu lililo mbali ungesogea kwa kiasi kinachojulikana kwa hesabu. Julai mistari ilikuwa imesogea, na kwa kiasi kile kile. Sijui kama kuna uthibitisho mzuri kuliko huo katika elimu yote ya nyota: dunia nzima ikatumika kuwa mkono wa kipimo.

Tangu hapo pembetatu imegeuka kutoka kitu kinachotafutwa ikawa chombo cha kutafutia vingine. Ioni hizi hufa zikikutana na elektroni, na kasi ya kufa kwake ilipimwa upya katika pete ya kuzungushia ioni huko Stockholm, Sweden. Kipimo hicho kilipolinganishwa na H₃⁺ iliyoonekana kuelekea nyota moja ya kundi la Perseus, ilipatikana mwaka 2003 kwamba chembe zile za mbio upande huo huzivunja molekuli mara 40 zaidi ya ilivyodhaniwa.

Maabara nazo hazikulala. Mwaka 1983, huko Berkeley, Marekani, Richard Saykally na wenzake walibuni hila ya kuzitenga ioni na umati wa molekuli za kawaida. Waliupeleka umeme wa bomba mbele na nyuma. Ioni zikawa zinayumba pamoja nao, na zisizo na umeme zikatulia. Kilichoyumba ndicho kilichopimwa. Kwa hila hiyo ioni zilizokuwa zikigharimu miaka zikaanza kupatikana kwa siku chache.

Kisha wakaja wanaochunguza vishada, yaani ioni moja iliyozungukwa na molekuli zilizoivamia. Kishada nacho ni kichache mno, hata nuru inayomezwa haipimiki. Kwa hiyo Yuan T. Lee na wanafunzi wake, papo hapo Berkeley, hawakuipima nuru. Walikipiga kishada kwa leza na kuhesabu vilivyodondoka, kama mtu aliye ndani ya nyumba asiyeuona upepo lakini anayasikia maembe yakianguka bandani. Walikifanya hivyo kishada cha protoni na maji, na hicho, msomaji, umekionja. Ukali wa ndimu ni protoni zilizomo majini. Ila protoni majini haikai peke yake. Molekuli ya maji huikamata, na nyingine huja kuizunguka. Mwaka 2004 ilichapishwa spektra ya kishada cha molekuli 21 za maji zenye protoni moja, kilichojifunga kama kizimba, na mabishano juu ya mahali hasa protoni inapokaa humo yalikuwa makali.

Neptuni ndiyo iliyobaki. Kwa zaidi ya miaka 30 waliitafuta H₃⁺ katika sayari hiyo ya mwisho bila kuiona, ingawa hesabu zilisema lazima iwepo. Mwaka 2023 darubini ya James Webb, iliyoko angani, ilielekezwa huko, na mwaka 2025 habari zikatangazwa kuwa imeonekana. Ilieleweka pia kwa nini ilijificha: anga ya juu ya Neptuni imepoa sana tangu chombo cha Voyager 2 kilipoipita mwaka 1989, na H₃⁺ iliyopoa hung'aa kidogo mno. Wala haikuwaka kwenye ncha, kama kwa Mshtarii. Iliwaka katika latitudo za kati, kwa sababu sumaku ya Neptuni imelala upande, nyuzi 47 mbali na mhimili ambao sayari huzungukia.